Mwalimu wa Jumapili na Vikapu Visivyo na Peremende

Watoto wa kanisa letu walimwita Mwalimu, nasi wazazi tukamwita Mama Mwalimu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mbele ya ubao wa shule. Siku za kazi alikuwa akifua na kukunja mashuka katika nyumba ya wazee kaskazini mwa mji wetu, North Buffalo. Jumapili alikaa na watoto wetu katika chumba cha chini cha kanisa, chenye bomba la joto lililogonga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Habari za ukoo wake sizijui, na miaka yote niliyoishi ng'ambo ya barabara kutoka kwake, jirani na barabara kuu ya Bailey, sikumuuliza. Alikuwa mtu wa Kivu kama mimi, alipita kambi ya wakimbizi kama mimi, akafika Marekani. Hayo yalitutosha. Mimi namjua kwa vikapu vyake.

Hapa Marekani Pasaka ina desturi yake ya watoto. Mtoto huamka akakuta kikapu kimetandikwa majani ya plastiki, na ndani yake sungura wa chokoleti na mayai ya rangi yaliyojaa peremende. Watoto wetu waliisikia shuleni mwaka wa kwanza tu, wakaja nayo nyumbani kama jambo ambalo kila binadamu hulijua. Eliya wangu, ambaye wakati huo hata kufunga zipu ya koti alikuwa bado anajifunza, aliniuliza kwa nini sungura hajui anwani yetu. Baba yake alikuwa bado yuko kambini Tanzania akingoja karatasi, mimi nilikuwa nabeba maboksi ghalani, na sungura hakuwa kwenye mawazo yangu.

Ndipo Mama Mwalimu akatangaza kanisani kwamba kila mtoto wa darasa lake atapata kikapu. Watoto walipiga makofi. Jumapili ya Pasaka wakashuka mbio kwenye kile chumba, na sisi kina mama tukafuata nyuma kuona nyuso zao.

Hapakuwa na sungura. Hata vikapu havikuwa vikapu. Mmoja alipata ndoo ndogo yenye mpini, mwingine sanduku la kubebea chakula cha shule, mwingine beseni, mwingine begi la mgongoni. Ndani mlikuwa na soksi nene, miswaki, kofia za sufu, penseli za rangi, kamba za kuruka, chupa za maji, mbegu za maharage zenye kopo la kuziotesha. Mtoto wa Mama Shemasi, mkuu wa kina mama wa kanisa letu, alitoa soksi zake, akaziinua juu, akauliza kwa Kiingereza kwa sauti ambayo hata waliokuwa juu waliisikia: "Soksi? Nani anampa mtu soksi siku ya Pasaka?" Halafu akalia. Wengine wakaona kwamba kulia kunaruhusiwa, wakamfuata.

Mama Mwalimu aliketi katikati ya kilio kile, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja basi. Hakumbembeleza hata mmoja.

Baada ya ibada Mama Shemasi alimsimamisha mlangoni, kwa Kiswahili chetu cha Kivu. "Donc, Mama Mwalimu, batoto yetu njo watu wa kupewa soksi? Wazungu watasema tuko maskini mpaka siku ya Bwana."

"Wazungu hawakuwa mule," alijibu. "Mimi nilikuwa mule."

"Lakini bonbon kidogo tu, ingekufanya nini?"

"Mu mwezi wa pili nilikuwa ku kituo cha basi," alisema Mama Mwalimu. "Kuko mutoto mmoja, wa kwetu, sitamutaja. Iko na chokoleti mu kinywa. Mukono ile ya kushika chokoleti, vidole vimekuwa rangi ya majivu kwa baridi. Hana glovu. Nikajiuliza, nani alimupa chokoleti? Kila mutu anaweza kumupa chokoleti. Shule inamupa, duka inamupa, benki wanaweka bonbon pale ku meza. Glovu, nani?"

Nadhani wote tuliokuwa pale tulikuwa tukiwaza kama mtoto yule ni wetu. Mimi hadi leo sijui.

Pasaka iliyofuata Mama Shemasi alileta mfuko mkubwa wa peremende zake mwenyewe, akasimama nje ya lile darasa akawagawia watoto wakitoka. Tulidhani patakuwa na vita. Mama Mwalimu akapita, akachukua mbili, akasema, "Bon, sasa kazi imegawanywa vizuri." Na kweli, tangu mwaka ule wakafanya hivyo kila Pasaka, huyu ndani na yule nje, na kidogo kidogo wakawa marafiki wa kupigiana simu.

Zile peremende mbili alizila mwenyewe, papo hapo. Nalisema hili kwa sababu watu waliomjua kwa mbali walidhani ni mtu wa kuchukia vitamu. Mama yule alipenda sukari kuliko mtoto yeyote wa darasa lake. Chai yake ilikuwa nzito kwa sukari kama uji. Koti lake lilikuwa na mfuko wa ndani wenye karameli, na wakati wa mahubiri marefu ungesikia karatasi ikifunguliwa polepole, polepole, kwa uangalifu uliokuwa na kelele kuliko kama angeifungua mara moja. Daktari wa meno alimng'oa magego na bado hakuacha. Nilipomwambia kwamba anawanyima watoto kile anachokula yeye, aliniangalia kwa mshangao. "Nawanyima? Mimi siwanyimi. Mimi naweka kile hakuna mutu mwingine ataweka."

Hakuwa mpole. Inabidi niseme na hilo, maana wafu na watu wa mbali huwa tunawapaka asali, naye yuko hai na angenicheka. Aligombana na madereva wa mabasi waliofunga mlango kabla hajafika. Hakukumbatia watoto; alipotaka kumwonyesha mtoto kwamba anampenda alimrekebisha kola. Mtoto aliyechelewa kila Jumapili alimpa saa ya kengele, na mama wa mtoto akanuna miezi, kwa sababu kila mtu alijua aliyekuwa akichelewa kuamka ni nani.

Siri yake ilikuwa kutazama. Wakati watoto wanachora Nuhu na wanyama wake, yeye alikaa kwenye kiti cha pembeni akionekana kama anasinzia. Hakuangalia nyuso. Aliangalia mikono ya mashati inaishia wapi, soli za viatu, nani akifika anakimbilia maji kabla ya salamu, nani anasogeza karatasi karibu na pua akisoma. Mtoto yule wa kusogeza karatasi alipata kikapu chenye kitabu cha picha na taa ndogo ya kubana kitabuni, na mzazi wake akapata neno la pembeni kuhusu miwani. Kijana aliyekuwa akipoteza funguo alipata kamba ya kuvaa shingoni. Msichana aliyekuwa na ndugu wengi na kitanda kimoja alipata mto wake mwenyewe, wenye foronya ya maua, na nasikia hata sasa, mtu mzima, haruhusu mwingine aulalie.

Alikuwa na usemi wake mmoja, tuliousikia kila mwaka: "Kikapu ifanye kazi Siku ya Tatu pia." Alimaanisha Jumanne, siku ya tatu ukihesabu kutoka Jumapili: Jumatatu watoto wanarudi shuleni, na furaha ya Jumapili isiyovuka hadi Jumanne yeye hakuona faida yake.

Mara moja alikosea vibaya. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa familia iliyofika karibuni, mtoto ambaye bado alikuwa akikojoa kitandani. Mama yake alimwambia Mama Mwalimu kwa faragha, akilia kuhusu godoro. Pasaka ile Mwalimu akaweka shuka la plastiki chini kabisa ya kikapu cha mtoto, chini ya mpira, chini ya soksi, akidhani limejificha. Wenzake walilivuta. Watoto si wajinga. Walijua mara moja. Kicheko kilichotoka chumba kile nilikisikia nikiwa juu jikoni.

Sijawahi kumwona Mama Mwalimu akiwa na uso kama ule. Jioni hiyohiyo alivaa koti lake akaenda nyumbani kwa wale watu. Mama wa mtoto ndiye aliyenisimulia. Mwalimu alikataa kiti, akakaa sakafuni mbele ya mtoto, akamwambia, "Nilikufanyia mubaya. Nilifikiri shuka, sikufikiri wewe. Nisamehe." Mtoto akamletea ule mpira, akauviringisha kwake kwenye zulia. Wakaviringishiana mpira muda mrefu, kisha Mwalimu akaenda zake. Tangu hapo vitu vya namna ile havikupita tena kanisani. Alivipeleka mwenyewe mlangoni, ndani ya mfuko uliofungwa, siku ya kazi, bila sherehe.

Hivyo ndivyo kilivyofika kile cha Furaha, binti yangu. Alikuwa anakaribia umri wa kuvunja ungo, na mimi nilikuwa natoka kazini nimechoka hadi sijui hata jina langu. Mama Mwalimu alinikuta nikifungua mlango.

"Mama Furaha, nataka kuongea na binti yako mambo ya wasichana. Unaniruhusu?"

Kwetu mambo hayo ni ya shangazi. Nikamwambia, "Shangazi zake watampigia simu kutoka nyumbani, Kivu."

"Shangazi zake wako Uvira," alisema. "Mimi niko Bailey."

Nikamruhusu. Wakaingia chumbani wakafunga mlango, nikasikia sauti yake nzito ikieleza na Furaha akicheka kwa aibu. Alimwachia kimfuko cha zipu cha kuweka ndani ya begi la shule: pedi, chupi safi, sabuni ndogo. Wiki chache baadaye binti yangu alirudi kutoka shuleni, akanawa mikono, akaniambia kwa Kiingereza, kama anayeniambia mvua imenyesha, kwamba ile kitu imekuja leo kwenye kipindi cha hesabu, na kwamba alikuwa nacho kila kitu. Mimi siku yangu ilinikuta peke yangu nikiwa njiani kuteka maji, nikidhani nakufa. Niliingia bafuni nikafungua bomba nisisikike nikilia. Nililia kwa shukrani, na kwa kitu kingine pia ambacho sikukijua jina.

Lakini jambo nililomshukuru kuliko yote ni la siku ya dhoruba.

Buffalo watu wamezoea theluji, hawaiogopi. Asubuhi ile tulisikia redioni kwamba itakuja kubwa, na mimi nikaenda kazini nikijua nitarudi kabla haijakaza. Haikungoja. Mchana barabara zilikuwa zimefungwa, magari yamezikwa, polisi wanakataza mtu kutoka. Tulikwama ghalani, tukatandika maboksi tukakaa juu yake. Simu yangu ilizimika. Nyumbani walikuwa Furaha, mwenye miaka kumi na mitatu, na mdogo wake Eliya. Wawili tu.

Umeme ukakatika mtaani. Eliya alikuwa na tochi ya kuzungusha kwa mkono, isiyotaka betri, iliyotoka kwenye kikapu cha mwaka ule. Alikuwa ameilalamikia sana, kwamba wenzake shuleni wanapata michezo ya kompyuta naye anapata tochi. Giza lilipoanza kuingia, alasiri, alipanda kiti akaiweka dirishani akawa anaizungusha. Furaha alimwuliza anafanya nini. Akasema, "Mama hataiona nyumba." Akichoka mmoja, mwingine akashika.

Mama Mwalimu alikuwa kwenye dirisha lake ng'ambo. Aliona mwanga ule ukififia na kuwaka, ukififia na kuwaka, na akaelewa kwamba mtu mzima hawezi kukaa dirishani akifanya vile; watoto wako peke yao. Barabara ile ni nyembamba, siku nyingine unaivuka ukiwa unaongea. Siku ile upepo ulimwangusha mara ya kwanza tu alipotoka. Aliivuka akishika uzio, kisha gari lililofunikwa, kisha hakuna kitu, akatambaa. Kiatu kimoja kilibaki ndani ya theluji. Furaha alipofungua mlango alimwona mama mtu mzima amejaa weupe hadi kwenye nyusi, mguu mmoja una soksi tu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Juu ya nini muko munavaa nguo moja? Leteni soksi zote."

Aliwavika kila kilichokuwemo kabatini, akawalaza kitanda kimoja akalala pembeni yao upande wa dirisha.

Nilifika siku iliyofuata, nimepanda gari la kusafisha theluji sehemu ya njia, sehemu nimetembea. Njiani nilikuwa nimeshawazika watoto wangu mara nyingi moyoni. Nikafungua mlango nikasikia sauti ya Mama Mwalimu ikifoka jikoni: "Saba mara nane! Eliya, saba mara nane, usiangalie dada yako!" Nikakaa pale mlangoni kwenye sakafu, na alipokuja nikashika miguu yake.

"Simama, Mama Furaha," aliniambia. "Sakafu iko baridi."

Vidole viwili vya mguu wake uliokosa kiatu havikurudia kuwa sawa. Alianza kutembea akichechemea kidogo, na watu walipomuuliza alisema ni viatu vibaya. Mchungaji alimwomba atoe ushuhuda kanisani. Akakataa. "Nilivuka barabara tu," alisema. Basi nilisimama mimi, nikausema wote, naye akawa ananikata macho kutoka kwenye benchi lake mpaka nikamaliza.

Baba Furaha alipofika hatimaye, tulihamia Columbus, mtaa wa Clintonville, alikokuwa na ndugu yake na kazi ya kiwandani. Mwaka mwingine tukasikia mtoto mkubwa wa Mama Mwalimu amemchukua kwenda kuishi naye Louisville. Tulipigiana simu. Kila mara aliuliza kwanza, "Furaha anavaa nini kwa baridi?" hata Furaha alipokuwa amekwisha kuanza chuo cha uuguzi. Halafu simu zikapungua, na mwanawe akaniambia kwamba macho ya mama yamefifia, presha ya macho, na kwamba kubonyeza namba kunamsumbua.

Mwaka huu, Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, mimi na Furaha tuliendesha gari kutoka Columbus hadi Louisville. Tulimkuta kwenye nyumba za kupanga, ghorofa ya pili, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha lililofunguliwa. Alitugusa nyuso. Furaha alimgusa mikono muda mrefu, akamrekebisha kola.

Sakafu ya sebule ilikuwa imejaa ndoo.

"Bado unafanya?" nilimuuliza.

"Watoto bado wanazaliwa," alisema. Alimtuma Furaha dukani pamoja na yule mtoto wake mkubwa kununua miswaki na kamba za kuruka, na mimi akanivutia kiti karibu na chake. Chini, kwenye uwanja wa maegesho, watoto wa nyumba zile walikuwa wakicheza. Nilisikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kiingereza, vyote kwa pamoja.

"Sauti zao nazijua," alisema. "Lakini sauti haiambii viatu. Sasa wewe angalia, uniambie."

Nikaanza. Nilimwambia kuna mmoja mrefu mwenye fulana ya bluu, anacheka sana. "Kucheka nasikia," alisema. "Viatu?" Nikaangalia viatu. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa waya. Akatikisa kichwa, akaniambia niende kwa mwingine. Mwingine alikuwa anajikuna viwiko, ngozi imekauka imekuwa nyeupe; hilo nililiona bila kuulizwa. Mwingine alikohoa. Tulienda hivyo, mtoto kwa mtoto, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyokuwa na mengi ya kusema, na yeye kichwa kimeinama kunielekea.

"Kuna wasichana wanaruka kamba," nikasema. "Wanne. Na kuna mmoja amesimama karibu yao, kama ana miaka kumi hivi. Amebeba mtoto mgongoni, amefunga kwa shuka. Mtoto mzito. Yeye anaitazama kamba ikizunguka. Miguu yake inaruka kidogo palepale aliposimama."

"Huyo ni wa ghorofa ya chini. Mama yake anafanya kazi wikiendi." Alifikiri. "Nguo zake?"

"Nzuri."

"Viatu?"

"Vizuri. Ana koti. Kila kitu anacho, Mama Mwalimu. Huyu sijui tumwekee nini."

Alinigeukia. Macho yake hayakunipata barabara, yalitua karibu na sikio langu.

"Bon," alisema. "Shuka chini basi, umushikie mutoto."

Nikashuka. Yule msichana alinitazama kwa wasiwasi, nikamwonyesha dirisha la juu, nikamwambia Mwalimu ndiye kanituma. Akafungua fundo. Mtoto alikuwa wa moto na mzito; akaanza kulia, akanikamata sikio, akaacha. Msichana alisimama kidogo kama asiyejua mgongo mtupu unafanywa nini. Kisha akakimbia, akasubiri kamba ishuke, akaingia.

Kule juu Mama Mwalimu alikuwa ametoa kichwa dirishani, uso ameuelekeza kwenye kelele.

"Mama Furaha!" aliita. "Iko anaruka?"

"Anaruka, Mwalimu," nikamwitikia. "Anaruka!"